Seva Moja, Kopo la Mchele

Tulikuwa watu wawili na nusu:
Somoe, mimi, na Shekuwe wa asubuhi tu,
maana adhuhuri alifundisha hesabu Langoni.
Ofisi ya maji, Amu, ghorofa ya pili,
ukuta wa matumbawe utokao jasho la chumvi,
unaokula skrubu, unaokula soketi,
unaokula hata kile kilichoandikwa hakishiki kutu.

Mshauri alikuja na mchoro.
Visanduku vitatu, mishale kumi na mmoja.
Hii ikifa, alisema, hii itaamka.
Hii ikizimia, ile itashika usukani.
Na juu yao msimamizi, na juu ya msimamizi mlinzi,
na mlinzi naye ana pacha wake.
Tulitikisa vichwa. Mimi nilitikisa kuwashinda wote:
nilitaka jina la mtambo ule kwenye wasifu wangu,
nisikufiche.

Punda watatu wakazileta seva kutoka gatini.
Miezi minne tukaishi kama wauguzi,
simu chini ya mto, sikio moja macho.

Ikaja ile Alhamisi. Kebo ililegea,
panya au kutu, hatujui hadi leo,
na seva mbili zikapotezana.
Kila moja ikadhani mwenzake kafa.
Kila moja ikajitawaza.
Msikiti mmoja, maimamu wawili,
kila mmoja na takbira yake,
nasi maamuma katikati,
huyu kasujudu, yule yungali wima.

Asubuhi mitaa ilipata bili mbilimbili.
Bi Khuleita wa Mkomani alipanda ngazi zetu,
akazilaza karatasi zake mezani
kama mshoni alazavyo mikono ya kanzu isiyolingana.
"Mai ni yayo hayo," akasema, "karatasi mbona mbili?"
Mwenye jibu alikuwa Nairobi,
na simu yake iliita tu.

Somoe ndiye aliyeuliza, bila hasira, akihesabu kwa vidole:
Wateja wangapi? Elfu tatu na kidogo.
Bili mara ngapi? Mara moja kwa mwezi.
Na ni nani kati yetu ajuaye kuyaamsha haya
saa nane za usiku, peke yake?
Tukatazamana.
Shekuwe akatazama saa. Ana kipindi.

Basi tukapunguza.
Usidhani kupunguza ni uvivu:
anayeongeza hupigiwa makofi,
anayepunguza huitwa kujieleza.
Mwenyekiti aliuliza: tumenunua tatu, mbona mwatumia moja?
Nikakosa sentensi.

Seva moja. Hifadhidata moja.
Betri ya kuivusha mpaka jenereta ingurume.
Saa sita usiku nakala hushuka kwenye diski,
na asubuhi Somoe huizika diski
ndani ya kopo la mchele, kwa ajili ya unyevu,
akaibeba nyumbani, kabatini, kati ya sahani za mamake.
Seva ya pili ni ya mazoezi:
kila Ijumaa baada ya swala twairudishia nakala,
twahesabu mistari, twalinganisha salio,
kwani nakala usiyowahi kuirudisha
ni pochi usiyowahi kuifungua.
Ya tatu imezimwa. Juu yake twaweka birika.

Maagizo yote yameenea ukurasa mmoja,
mwandiko wa Shekuwe, umebandikwa ubavuni.
Mchoro wa mshauri ninao bado, nyuma ya mlango.
Siku nyingine nautazama.
Ni mzuri.

Mwezi uliopita seva yetu ilikufa.
Ilikufa kweli, feni kimya, taa hakuna.
Dakika arubaini hakuna aliyelipa,
hakuna aliyejua anadaiwa nini.
Nilikuwa peke yangu. Nikausoma ukurasa ule kwa kidole,
mstari kwa mstari, mkono ukitetemeka kidogo,
na chini, uwani,
mtu akafungua bomba,
maji yakatoka.