Fungua

Ngoma ilifika Mpambire imeviringishwa shuka la maua,
imepakatwa juu ya boda, kati ya dereva na Bi Ok-bun,
kama mgonjwa anayeshikiliwa asianguke.
Kando ya barabara ya Masaka ngozi zimewambwa juani.
Mzee Ssekitoleko, kisu mkononi, anakwangua manyoya.
Hakuinua uso.
"Wageni," alisema kwa Kiganda, "hununua ngoma waweke maua juu."

Bi Ok-bun hajui Kiganda.
Ana Kiswahili alichokiokota Morogoro,
Kiswahili ambamo r na l hulala kitanda kimoja
kama zilalavyo vinywani mwa Waganda.
Basi nikaitwa mimi, mwana wa polisi,
niliyekulia kambi ya Nsambya,
ambako lugha hii ilitupiga kofi kabla ya kutufunza kusema.

Akafunua shuka.
Vinu viwili vilivyoshonwa matako kwa matako!
Kiuno chembamba, kamba nyekundu zikienda na kurudi
kama barua za wachumba.
Jina lake janggu.
Kwao, alisema, ngoma hii ndiyo mvua,
radi wameachiwa watu wa upatu.
"Panya wa Mityana," akagusa tundu la upande wa kushoto,
kwa aibu, kana kwamba ndiye aliyeguguna.
Kisha akaonyesha fundo, akamtazama mzee:
"Fungua."

Kisu kikasimama.
Mzee ana neno hilo moja tu la Kiswahili.
Lilimjia usiku, na buti, na tochi,
mlangoni kwa baba yake kule Buwama,
na lilipoondoka liliondoka na baba.
Sikuwa nimezaliwa. Najua kwa sababu kila mtu Mpambire anajua
na hakuna asemaye.

Sikutafsiri.

Bi Ok-bun naye hakuelewa, ila aliona.
Kwao kuna neno zima la kupima hewa ya chumba kwa jicho.
Akapiga magoti vumbini, kama binti wa Kiganda,
akainyanyua ngoma kwa mikono miwili.
"Fungua, tafadhali, baba. Uri janggu."
Uri ni nini?
"Yetu. Hatusemi yangu. Mama yetu. Nyumba yetu.
Hata ukiwa peke yako."

Nikawaza: nasi twasema kwetu,
hata akibaki mtu mmoja,
hata ukibaki msingi na mgomba.
Nikampa mzee neno lile kwa Kiganda: yaffe.
Alikaa. Nzi alizunguka ngozi yote, akarudi alipoanzia.
Akafungua.

Siku tatu alinung'unika.
Ngoma gani hii isiyo na vijiti vya kupigilia,
yenye pete za chuma kama ng'ombe dume wa maonyesho?
Lakini ngozi ya ndama aliichagua mwenyewe,
akaisikiliza kwa ukucha, akaitupa, akachagua nyingine.

Siku ya nne Bi Ok-bun akaketi mkekani.
Dong. Dok. Kung. Dororo.
Ngoma yao ina silabi zake,
kama zetu zinavyoita koo kwa majina.
Sauti yake ilikuwa na kutu ya makusudi:
mwalimu wake alimpeleka akiwa msichana
abishane na maporomoko ya maji mpaka koo lichanike.
Msikilizaji akinyamaza, alituonya, ni mwizi.
Mstari ukikatika, mjibu mwimbaji: olsu!

Mstari ukakatika.
Mimi nilikuwa na haya. Dereva wa boda alikuwa kwenye simu.
Pengo likakaa pale, wazi,
kama kiti cha mtu aliyechelewa miaka.

"Fungua!" akapaza Ssekitoleko.

Wimbo ukaendelea. Lori la matoke likapita,
likatumwagia vumbi, na beti mbili hatukuzisikia.
Baadaye alimtoza bei kamili, elfu themanini,
na kamba akahesabu kando.