Kifaranga cha Mahameli

Bwana Lukelesha alinijia Kirumba, jioni,
akataka kadi ya kumwomba mkewe radhi.
"Maneno usiweke," alisema, "hatayasoma.
Weka kitu ambacho kidole kikishapita, kitarudi."

Nikamfungulia vikopo vya unga wa mahameli:
mwekundu, wa kijani, wa njano ya kiini cha yai,
mwepesi, ukikohoa tu unahamia meza ya pili.
"Mkeo anapenda nini?"
Akatazama dari. Akatazama viatu.
Miaka kumi na tisa ya ndoa,
na duara la gundi nimekwisha kulipaka.

Gundi haimngoji anayefikiri.
"Vifaranga," akasema mwishowe, kama anayebahatisha.
Nikanyunyiza njano, nikaiinamisha kadi,
nikaigonga mgongoni kwa kidole kimoja,
unga wa ziada ukamwagikia gazetini,
akabaki kifaranga, manyoya yamemsimama.

Ndipo wadudu wa ziwani wakaingia dirishani,
wingu zima, wakiifuata taa.
Tukaizima. Tumechelewa:
watatu wamenasa kifuani mwa kifaranga,
mabawa yanatetemeka ndani ya njano.

Nikashika kibano. Nikasema nitarudia, bure.
"Waache," akasema.
"Kesho mji mzima utakuwa unafagia wadudu.
Ajue saa mbili usiku nilikuwa wapi,
na nilikuwa nafanya nini."

Akatoka na kadi kiganjani, hakuikunja,
mkono wa pili ukiikinga na upepo,
kama mtu aliyebeba uji wa moto.