Mia Moja na Moja

Saa tisa usiku, Thunder Bay, theluji inaanguka
kama mtu yuko juu ya paa anakung'uta magunia ya unga.
Aili Koskela, wa zamu ya magari ya kukwangua barabara,
amepiga simu tena: "Ramani yako inasema uongo.
Gari namba saba liko Mtaa wa Algoma.
Wewe unalionyesha gereji, bado linakunywa dizeli."

Si uongo, Aili. Ni adabu.
Seva niliyoiandika ina adabu za kizamani:
kivinjari kinapiga hodi,
bawabu anauliza, "Unamtaka nani?"
anasoma anwani kwenye karatasi
(/magari, mkono wa kushoto; /barabara, panda ngazi),
anamwita mwenyewe, jibu linatolewa,
asante, mlango unafungwa ndi.
Sura haikumbuki.
Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
kwangu kila mgeni yuko siku ya kwanza, milele.

Na kila sekunde tano, hodi.
Skrini arobaini mjini, hodi, hodi,
kuna jipya? Hakuna. Kuna jipya? Hakuna.
Kuna jipya?
Nalo jipya limepita kati ya hodi mbili,
limekata kona, limeacha mfereji mweupe nyuma yake.

Basi leo naongeza mlango wa namna nyingine.
Kwenye daftari la njia ni mstari mmoja tu.
Mgeni akija na barua inayosema "nipandishe daraja",
na ufunguo aliouokota kwa kubahatisha,
usimjibu mia mbili, bawabu.
Chukua ufunguo, uchanganye na lile neno letu
la siri ambayo dunia nzima inaijua,
saga, mrudishie unga wake,
mwambie: mia moja na moja.
Kisha, hapa ndipo penye kazi,
toka njiani.

Bawabu hajui kutoka njiani.
Miaka mitatu nimemfunza kufunga.
Mara ya kwanza alipeana mkono vizuri, akafunga.
Mara ya pili aliacha wazi,
ila mlinzi wa geti la nje, ambaye nilimsahau,
alihesabu sekunde sitini za kimya
akadhani ndani wamekufa.
Mara ya tatu maneno yalifika yamevaa barakoa
nami nikayasoma hivyo hivyo: mchanga mtupu.
Nikapika chai. Nikavua barakoa, baiti nne kwa nne.

Kwetu Korogwe napiga kila Jumapili.
Hamjambo? Hatujambo. Mvua? Ipo. Mahindi? Yapo.
Baba alianguka Jumanne moja, kisimani,
nikajua baada ya wiki tatu.
"Hukuuliza," alisema dada Mwanaidi, bila ubaya.
Kweli. Nyumba yetu hujibu linaloulizwa,
na swali lile halikuwa na njia.
Mia nne na nne, mama, mia nne na nne,
huku kuku wakisikika nyuma ya sauti yako.

Dawa ya mlinzi wa geti ni ndogo, karibu ya kitoto.
Kila sekunde ishirini upande mmoja unasema: Upo?
Wa pili unasema: Nipo.
Hakuna habari ndani yake. Hakuna hata salamu.

Saa kumi na moja alfajiri namba saba inasogea
bila kuulizwa.
Jembe lake limeshuka, naliona kwa rangi ya machungwa,
linapita shule, linapita duka la mikate, linageuka
kabla sijagusa kitufe chochote.
Simu ya Aili haijalia. Kwa Aili hiyo ni pongezi.

Imebaki namba tatu, huko nje ya mji
ambako mtandao hufika ukichechemea.
Mlango wake uko wazi, au nadhani uko wazi.
Upo?

Nahesabu. Chai imepoa.
Huko Korogwe sasa ni mchana, na leo si Jumapili.
Upo?