Kitenzi Kisicho na Saa

Jumanne, saa moja jioni, juu ya maktaba,
Boston ile ya Lincolnshire, ya kabichi na ukungu,
Bi Thackray anafuta ubao kwa mkono wa sweta,
anachora mstari: huku jana, huku kesho,
na hapa katikati, anasema, ndipo tunapogombana.

Sote mikono inanuka vitunguu vya kiwandani.
Tunajifunza "go", ambayo jana yake ni "went",
vazi la kuazima kwa kitenzi kingine,
na umbo lake la tatu, "gone", lisilotembea peke yake
bila msaidizi wa kulishika kiwiko.
Rimantas anacheka: basi goti langu nalo ni umbo la tatu.

Zamu ya Daina.
Anasoma kama mtu anayevuka barafu:
*Mume wangu Valdis ameishi mji huu miaka tisa.*

Chaki inasita.
Januari tulisimama sote makaburini, mvua ikitupiga;
Bi Thackray ndiye aliyeleta keki ya limau.
Lakini mwalimu ni mwalimu, na kosa ni kosa:
Kiingereza hakimpi marehemu msaidizi.
"*Aliishi*," anasema, taratibu,
kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Daina haandiki.
"Kuanzia saa ngapi?
Saa tisa usiku nilikuwa nimemshika mkono.
Saa tisa na robo nesi akafungua dirisha.
Hapo katikati, nukta niiweke wapi?"

Bi Thackray anafungua kitabu, anatafuta kweli,
ukurasa baada ya ukurasa, miwani ikimteleza.

Mimi, dawati la nyuma, naipekua lugha yangu.
Sisi husema *amekufa*, kama *amelala*, kama *amekaa*:
tendo limekwisha, hali ingali inaketi nasi.
Na kitenzi kikichakaa tunakivika mkia,
mchovu, mtulivu, mvumilivu,
na kile kifupi kuliko vyote, mfu.
Ningempa Daina hiyo *me* yangu,
ila haijazwi kwenye fomu za manispaa.

Kitabu kinafungwa.
Bi Thackray anaandika ubaoni bila kutugeukia:
mlango, "painted", Valdis.
"Msaidizi nimemwondoa. Tazameni.
Umbo hili likibaki na nomino yake
halina jana wala leo. Halivai saa."

"Ulisema halitembei peke yake," Rimantas anadakia.

"Halitembei. Linakaa."

Kwetu hata hapo pangevuja:
*mlango uliopakwa*, nasema kimoyomoyo,
na ile *li* imo tumboni mwake kama msumari.

Daina sasa anaandika, ulimi kwenye kona ya mdomo.
Mlango, rangi ya buluu, mkono wa Valdis.
Mnyororo wa baiskeli, umetiwa mafuta.
Shati, limepigwa pasi vibaya, kola imeungua.
Supu ya kabichi, makopo matatu,
mwandiko wake kwenye kila kifuniko,
"froozen".

Anampa mwalimu daftari.
Bi Thackray anasoma mpaka chini, kisha anarudi juu,
kwenye ile sentensi ya kwanza,
anaikalia kimya kitambo,
anaipita.

Anachukua penseli, si kalamu nyekundu,
anaondoa o moja.