Vijiko Vitatu

Shemeji yangu Rwegoshora anasema ile si kahawa.
Anasema ni vumbi lililosikia habari za kahawa.
Jumapili, kwake Bwiru, anasaga buni kwa mkono,
mashine kaibana mapajani kama mtu anayekamua mbuzi,
na sisi tunasubiri.
Maji yasitokote, anasema. Yakitokota yanaiua.
Tunasubiri.
Ziwa pale chini limeshabadili rangi mara mbili.

Nakubali: harufu yake inafika kabla yake,
inashuka ngazi, inabisha hodi kwa jirani.
Nakubali ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi
kama neno ulilotaka kusema ukaacha.
Sibishani na ulimi wangu.

Ila mimi nimelelewa Mabatini, na kopo.

Baba alikuwa kuli bandarini,
akipakua magunia ya buni yaliyovuka usiku kutoka Bukoba.
Alirudi shati likinuka kahawa mbichi,
ambayo hainuki kahawa, usidanganyike,
inanuka nyasi zilizolala mvuani.
Sijui magunia mangapi yalipita juu ya mgongo ule.
Nyumbani tulikunywa chai ya rangi.

Lakini kabatini, juu, nyuma ya sahani za wageni,
kulikuwa na kopo.
Akija katekista, akija mwenye nyumba kudai kodi,
kopo lilishuka, na sisi watoto tukakaa vizuri.
Mgeni alipewa maji ya moto, sukari, na kopo lenyewe,
ajichotee. Ndiyo ilikuwa heshima.
Mama akitabasamu, akihesabu vijiko kwa pembe ya jicho.

Mwenye nyumba, Mzee Ng'wandu, alichota vitatu.
Vitatu, na vya mlima.
Miaka thelathini baadaye Mama akisikia jina lile
bado aliinua vidole vitatu, kimya, akaendelea kuchambua mchele.

(Bibi Kokuhirwa, kule Kamachumu, aliwacheka wote.
Kahawa inatafunwa, alisema.
Kosa gani imefanya hata muizamishe?)

Mwaka ule Mama alipolazwa Bugando
nililala koridoni siku kumi na moja.
Saa tisa za usiku, shemeji, hakuna anayesaga buni.
Kuna mlinzi mwenye chupa ya maji ya moto.
Kuna kipakiti cha dukani, unakichana kwa meno,
unakoroga kwa mpini wa mswaki,
na kahawa inatokea palepale,
kama ndugu aliyekuwa chumba cha pili akisubiri kuitwa.
Haikuniuliza nimejiandaaje.
Haikutaka niijue ilikolimwa.
Ilikuwa ya moto, nyeusi, na ilikuwa sasa hivi.

Niliingia nayo wodini, nikakaa kitandani kwake.
Mama akafumbua jicho moja. Akanusa.
"Umetia vijiko vingapi?"
Kimoja, nikasema.
"Muongo," akasema,
akageukia ukutani, akalala.
Hayo si maneno yake ya mwisho. Ya mwisho yalihusu
ufunguo wa stoo, na nani amelipa maji.
Lakini mimi ninayahesabu haya.

Matangani walichemsha ya buni, sufuria nzima,
tangawizi imepondwa, mdalasini.
Rwegoshora mwenyewe alisimama motoni hadi alfajiri,
macho mekundu kwa moshi, au si kwa moshi,
akimfokea kila aliyetaka kuongeza kuni.
Nilikunywa vikombe vinne.
Ilikuwa nzuri.
Iliniudhi kwamba ilikuwa nzuri.

Basi leo tena tuko Bwiru.
Amesimama juu ya birika, sikio kaliinamisha
kama daktari anayesikiliza kifua.
Dada amepanga vikombe, amevipangua, amevipanga.
Mkobani mwangu nina vipakiti viwili.
Sijasema kitu.
Maji bado.