Hadhira ya Wodi ya Tisa

Mada yangu ya kwanza ilitaka kuubeba ulimwengu:
"Redio na Jamii." Dakta Parri akaicheka kimoyomoyo,
akaikata kwa kalamu ya risasi. Nesta, punguza.
Nikapunguza hadi Wales. Punguza.
Nikapunguza hadi Llanelli. Bado, akasema,
nguo hii inampwaya mvaaji.

Nikabaki na chumba kimoja kisicho dirisha
chini ya ngazi za hospitali, kando ya mitungi ya oksijeni,
ambamo kila Jumanne usiku Meurig,
aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini,
huwapigia wagonjwa santuri
asijue kama kuna sikio lililo macho.

Nani anasikiliza? Basi, hilo ndilo swali.
Maneno elfu kumi, nakala mbili zilizojalidiwa,
mwisho tarehe mbili Mei, saa sita mchana.
Ukichelewa dakika, alama kumi zinakwenda na maji.

Nilisoma. Jamani, nilisoma.
Huyu asema msikilizaji ni mtungi, humiminiwa akajaa;
yule asema la, msikilizaji ndiye mfinyanzi;
wa tatu awasuta wote wawili katika tanbihi
ndefu kuliko ukurasa wenyewe.
Nilibandika nukuu ukutani kwa karatasi za njano
hata Lowri, tunayeishi naye, akauliza
kama namtafuta muuaji.

Hojaji arobaini nilizigawa wodini.
Zikarudi kumi na moja.
Moja imechorwa mbwa, vizuri sana.
Moja imejibu kila swali: chai.

Halafu Idwal (jina si lake),
kitanda cha mwisho, wodi ya tisa,
mikono iliyokunja bati kiwandani tangu utoto,
spika za masikioni zimekufa upande mmoja.
Nikamuuliza nyimbo azipendazo. Akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.
"Nyimbo sizijali, binti.
Mimi nangoja pale kati ya wimbo na wimbo,
huyu bwana anapogeuka kutafuta santuri nyingine
na kiti chake kinalia, kwii.
Hapo najua tuko wawili tulio macho."

Niliandika mbio, mkono ukitetemeka.
Miezi mitano ya nadharia, na jibu
lilikuwa limelala hapa limevaa soksi za hospitali.
Fomu ya ridhaa? Akapapasa meza.
Miwani iko kwa binti yangu, akasema,
nitatia sahihi Jumanne.

Jumanne shuka zilikuwa zimenyooshwa,
kona zimekunjwa kama bahasha.

Kamati ya maadili haina ubaya, ina kanuni:
pasipo sahihi, hakuna ushahidi.
Dakta Parri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Pole, Nesta. Kisha: Mtoe.
Nikamtoa. Mshiriki wa Kumi na Mbili,
mstari kwa mstari, kwa kidole kimoja,
na sura ya nne ikaendelea kutembea
kama mtu aliyeng'olewa jino akakatazwa kulishika.

Nilipata sitini na nne.
Pembeni mwa ukurasa wa thelathini na moja
mtahini nisiyemjua, kwa wino wa kijani:
Hoja inaruka. Kuna kitu hapa kati?

Nilirudi chini ya ngazi kumpa Meurig nakala yake.
Aliipima uzito mkononi, akaguna, akaiweka juu ya kikaza sauti.
Samahani kwa kelele za kiti, akasema,
lazima zilikuharibia kanda zako;
na tayari ameinama, kopo la mafuta mkononi.

Acha, nikamwambia.
Akangoja sababu.
Sikuwa na ruhusa ya kumpa.