Kaseti ya Ishirini na Tatu

Julai hapa Pelotas ukuta hutoka jasho.
Viatu huota ndevu za kijani kabatini,
na sukari, ambayo ndiyo kazi yangu,
hushikana mabonge kabla sijaifikisha kwenye mizani.
Ukungu hauchagui. Mwaka jana ulikula picha za kipaimara,
mwaka huu nimeuona kwenye nembo
ya gemu langu la kwanza:
doa dogo, kama pumzi kwenye kioo.

Basi usiku, nikishanawa kiini cha mayai vidoleni,
natandaza gazeti mezani.
Pamba kwenye njiti, spiriti,
bisibisi yenye mdomo wa ajabu
niliyoiagiza ikachukua miezi miwili kufika.
Nasugua meno ya kaseti. Pamba inatoka nyeusi.
Huo ni weusi wa utoto wetu:
tulikuwa tukizipuliza, tukiamini tunazitibu,
kumbe tunazitemea mate.

Kisha naichomeka kwenye kisomeo.
Taa inapepesa. Kompyuta inahesabu.
Dakika tatu, nne,
na kile kilichomgharimu mama nusu ya mshahara
kinalala ndani ya faili jepesi kuliko picha moja ya keki.
Nalinganisha jumla, tarakimu kwa tarakimu.
Zikiafikiana, nalifungua kwenye emuleta,
na ule mlio wa kuanzia unatoka safi,
bila mkwaruzo wa televisheni ya bibi Zulmira.
Ule mkwaruzo nao ningeuhifadhi, ningejua pa kuuchomeka.

Dada yangu Neiva hunicheka:
"Zote ziko mtandaoni, unajichosha bure."
Ziko. Lakini hizo si zangu.
Zangu nina stakabadhi zake kwenye kopo la biskuti,
ishirini na mbili,
wino umefifia ila jina la duka bado linasomeka.

Ya ishirini na tatu haina stakabadhi.
Mgongoni ina V ya kalamu nene.

Vilmar, ulisema wiki moja.
Ilikuwa tisini na sita, kinu cha mpunga kikafungwa,
na Ijumaa nilipokuja na kaseti mkononi
mlango wenu ulikuwa na kufuli jipya.
(Nasema Ijumaa. Nilikuja Jumatatu.)

Kisomeo hakiulizi mwenye mali ni nani.
Taa ingepepesa vilevile.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe
mpaka kahawa ya maziwa ikaota ngozi.

Nilikupata Chapecó, unaziba matairi ya malori.
"Gemu gani?"
La mbweha mwenye taa, nikasema.
Kimya. Nyuma yako kompresa ikakohoa.
"Nafasi ya pili," ukasema. "Nilibakiza ngome moja tu.
Bado iko?"

Nilikuwa nimeshatazama.
Nafasi ni tatu. Zote tatu zina jina langu.
Usiku ule wa kwanza, kabla hata ya kula,
nilifuta lako nipate pa kuanzia.

Ningeweza kusema betri ilikufa.
Hufa. Hakuna fundi ambaye asingeamini.
Nikakuambia ilivyokuwa.

Ulicheka, au ilikuwa kompresa.

Kesho yake niliyeyusha risasi, nikang'oa betri ya zamani,
na majina yangu matatu yakaenda nayo.
Sikuyatolea nakala.
Nikaweka mpya, nikaifunga kaseti kwenye boksi la kazini
pamoja na vitamu sita vya nazi,
karani wa posta akanusa boksi kabla ya kuligonga muhuri.

Folda yangu ina mafaili ishirini na mawili.

Agosti, saa nne usiku, simu ikalia.
"Daraja," ukasema, hata salamu hukutoa,
"linavunjika kila nikikanyaga."
Nikafumba macho. Vidole vikasogea vyenyewe
juu ya unga uliobaki mezani.
Ngoja kengele ya tatu, nikakuambia.
Usikimbie. Tembea.